Miguu ya Mpera

Hii ni kweli tupu, toka kichwa hadi mkia, na kama nimeitia chumvi hata ya ncha ya kidole, basi meno machache niliyobakiwa nayo yaanguke yote leo nikitafuna muhogo. Najua watu wa Kasongo wananisema. Wanasema mimi ndiye niliyeleta habari za kiboko aliyeingia misa ya asubuhi akakaa upande wa wanawake. Hiyo tuiache. Hii ya Iliasi ni kweli.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya moto uani kwake, anazungusha ncha ya fimbo kwenye makaa, polepole, kama mtu anayemchomea mgonjwa muhindi. Akiitoa, anaipuliza, anaigonga kwenye jiwe, anasikiliza. Halafu anairudisha.

Fimbo zenyewe zilikuwa tatu, za mpera, zimemenywa ganda na kukaushwa darini juu ya moshi msimu mzima. Karibu na juu zimefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli. Ukizipanua chini, zinasimama zenyewe, na pale juu zinapopishana panabaki panda ya kulaza bunduki. Wawindaji wa kwetu wanaziita miguu. Ncha zinachomwa zisiteleze kwenye matope, panda inavishwa kipande cha blanketi ili chuma kisilie kikigusa mti. Ni kitu kidogo. Ukikiona unasema, hata mimi naweza. Nilijaribu mwenyewe zamani. Miguu yangu ilifaa kuanikia soksi.

Kazi ya pili ya Iliasi ilikuwa kisu. Alifanya kazi na Gaston, mwindaji, Mkristo wa kijiji cha jirani, mwenye bunduki ya kalibre duze, ile inayotawanya risasi ndogo ndogo. Wanunuzi wengi wa Gaston walikuwa Waislamu wa mjini, na hao hawali mnyama aliyekufa kwa risasi. Lazima afikiwe akiwa hai, jina la Mungu litajwe, na shingo ikatwe na mkono wa Mwislamu. Kwa hiyo Gaston hakulenga moyo kama wawindaji wengine. Alilenga nyonga. Mnyama aliketi, hakufa, na Iliasi alichomoka na kisu. Alikimbia mbio ambazo huwezi kumdhania mtu mzima kama yeye, wala hakukimbilia nyama. Hakupenda kumwona mnyama ameketi vile, anageuka nyuma kutazama miguu yake imepatwa na nini.

Wakirudi mjini, swali lilikuwa moja.

"Ulimufikia muzima?"

Iliasi akisema ndiyo, watu waliwasha moto. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Hakuwa na duka, hakuwa na pikipiki, hata ndevu zilikataa kumjaa usoni. Alikuwa na ile ndiyo yake.

Sasa kuna jambo ambalo mji haukulijua. Mikono ya Gaston ilikuwa imeanza kutetemeka. Si baridi, si pombe. Ni mikono tu, imeamua. Iliasi aliona kabla ya mke wa Gaston kuona. Alichofanya ni kuibana ile panda, akaifanya nyembamba, bunduki ikilala humo isipate pa kuchezea. Tangu siku hiyo Gaston hakupiga tena bila miguu, na wote wawili walijifanya kwamba ndivyo walivyofanya siku zote.

Asubuhi ile dada yake Iliasi, Rehema, alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria tupu kiunoni, kana kwamba nyama itaruka kutoka kwenye makaa yale yale.

"Kaka, wakwe wanaingia kesho. Pirogi zao zimeisha kutoka Nyangwe, wanapiga kasia."

"Wapikie samaki."

"Watu wa Nyangwe, wavuvi wale? Samaki?" Rehema akacheka bila furaha. "Hao wamezaliwa na mwiba kwenye koo! Kaka, Nuru ni mutoto wangu wa mwisho. Nikiwawekea samaki siku ya harusi yake, watamucheka mpaka azeeke."

Mbuzi hawakuwapo. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umepita mtaani ukazoa zizi baada ya zizi, na waliobaki, wenye nao walikuwa wanawalaza ndani ya nyumba kama wageni.

"Tutaenda na yaya Gaston," Iliasi akasema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Tutaona Mungu atatoa nini."

"Atoe, na wewe ukifikie kizima." Aliiweka sufuria chini, karibu na goti lake, akaondoka. Aliiacha makusudi, ili imtazame.

Gaston alifika amepanda nyuma ya pikipiki ya Pitchou. Huyu Pitchou ni dereva ambaye mdomo wake unawaka kabla ya injini. Kwa kawaida aliwapeleka hadi mwisho wa njia, akalala kwenye tenki mpaka warudi. Siku hiyo alikuwa na hamu ya kuona.

"Papa Iliasi, hizo fimbo ni za nini? Bunduki imekuwa muzee?"

"Beba tu, mwana."

"Mimi nabeba. Lakini baba yangu alikuwa anapiga nyati na mukono moja. Mukono ingine inashika sigara."

"Baba yako alikuwa anauza sabuni sokoni," Gaston akasema.

"Sabuni siku za kazi, papa. Siku ya Mungu, nyati!"

Wakaondoka hivyo, watatu juu ya pikipiki moja, barabara ya Kabambare. Unaijua. Mahali pengine ni barabara, mahali pengine ni mto uliochoka. Kila waliposhuka kusukuma, Pitchou alikuwa na la kusema juu ya ile miguu. Mara ni miguu ya mbuzi wa marehemu, mara ni kitanda cha bunduki, kinachokosekana ni neti ya mbu. Iliasi alicheka kidogo, kwa adabu. Gaston hakucheka. Walipofika karibu na mto Luama, wakaiacha pikipiki kwa mama mmoja anayeuza mawese, Pitchou akatupa la mwisho:

"Papa Gaston, na ukienda chooni, Papa Iliasi anakushikia pia?"

Yule mama wa mawese akacheka mpaka akashika mbavu. Ndicho kilichoharibu siku. Si Pitchou, ni yule mama. Mwanamume anaweza kuvumilia mdomo wa Pitchou. Kicheko cha mwanamke asiyemjua ni kitu kingine.

Waliingia majanini kimya. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo umelainika, mahali pazuri pa kutembea bila sauti. Iliasi mbele na miguu begani, Gaston nyuma yake, Pitchou mwisho, ameziba mdomo kwa kiganja. Ukingoni mwa msitu mdogo, pale majani mapya yalipoota baada ya kuchomwa, mbawala dume alikuwa anakula. Mkubwa. Sisemi alikuwa mkubwa kama pikipiki. Nasema pikipiki ingeona haya.

Iliasi akashuka goti moja, akaipanua miguu mbele ya Gaston. Ncha zikaingia kwenye udongo bila sauti. Panda ikasimama sawasawa mbele ya bega lake, na kipande cha blanketi juu yake. Akajivuta pembeni, akashika mpini wa kisu.

Gaston aliitazama panda. Halafu akageuza shingo, akamtazama Pitchou. Halafu akapiga hatua moja kushoto, akaacha miguu imesimama peke yake, akainua bunduki kwa mikono mitupu.

Iliasi aliona mdomo wa bunduki ukichora viduara hewani. Alitaka kusema, "Yaya." Angesema, mbawala angekimbia; asiposema, ndio hivyo.

Mlio ukapiga mlima, ukarudi.

Mbawala hakuketi. Alianguka mzima mzima mara moja, kama gunia lililosukumwa kutoka juu ya lori. Iliasi alikuwa ameshaanza kukimbia, jina la Mungu mdomoni, kisu mbele, majani yanamkata magoti. Alipofika alijitupa chini, akashika pembe, akavuta shingo. Kisha akasita. Risasi zote zilikuwa shingoni na chini ya sikio. Alitoa kidole akagusa kope la jicho, polepole. Kope halikujibu. Akagusa tena. Jicho lilikuwa bado linang'aa, na ndani yake alijiona mwenyewe, mdogo, ameinama.

Wale wawili wakafika wanahema.

"Kata," Gaston akasema.

"Imekufa, yaya."

"Iko moto bado. Kata!"

"Moto si uhai."

"Damu itatoka, Papa," Pitchou akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Shingo itakuwa imekatwa. Nani ataona?"

Iliasi aliweka kisu shingoni. Kule nyumbani sufuria ilikuwa inangoja, na pirogi za Nyangwe zilikuwa mtoni. Kukata ni kitu cha mara moja. Hata kuku huchukua muda zaidi. Akakiondoa kisu, akakipangusa kwenye majani ingawa hakikuwa na damu.

"Sitakula uwongo huu na watu wote wale," akasema. "Nitamuambia Rehema nimeikuta imekufa."

Gaston akakaa chini. Akaweka bunduki pembeni, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wa Iliasi. Ilikuwa inacheza kama majani ya muhogo.

"Basi muambie na hii," akasema. "Watauliza kwa nini imekufa. Utasema nini? Sema: Gaston ameisha. Kesho hakuna mutu ataniagiza hata kanga. Mimi sina kisu, Iliasi. Sina kazi ya pili."

Pitchou aliitazama ile mikono. Aliondoka kwenda kuichukua miguu pale ilipoachwa. Ilikuwa bado imesimama, imepanuka, inangoja bunduki.

Wakambeba mbawala, wakamfunga nyuma ya pikipiki, shingo haijakatwa. Vijijini watu walitoka kushangilia pembe zile. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakakimbia pembeni mwa tairi. Iliasi alipunga mkono. Kila kijiji walichokipita, kisu kilikuwa bado kiunoni mwake, na shingo ilikuwa bado pale.

Kabla ya kuingia Kasongo, karibu na mashamba ya muhogo, akamgusa Pitchou begani.

"Simama."

Alishuka. Akaifungua miguu kwenye kamba. Aliipitisha mkononi mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni, akachagua mmoja, akaukanyaga, akavuta. Mpera haukukubali. Ni mti mbishi, ule. Ndiyo maana aliuchagua. Akauegemeza kwenye jiwe, akaurukia kwa miguu miwili. Ukalia kama bunduki ya pili. Ukavunjika katikati, nyuzi nyeupe zikatoka nje, kavu, safi kabisa.

"Papa, unafanya nini?" Pitchou akauliza. Lakini alikuwa ameshajua.

Gaston aligeuza uso upande wa mashamba. Hakusema usifanye.

Kwa Rehema moto ulikuwa unawaka na vitunguu vimekatwa. Wanawake waliokuja kusaidia wakaimba pikipiki ilipoingia. Nuru, bibi harusi, alichungulia mlangoni na hina mikononi, akarudishwa ndani kwa kelele. Rehema alikuja mbio, akashika pembe, akacheka. Halafu mkono wake ukateremka shingoni, ukatafuta, ukasimama.

"Kaka. Shingo iko nzima."

Nyimbo zikakatika, moja hapa, moja pale.

"Nilimukuta amekufa," Iliasi akasema.

"Amekufa namna gani? Papa Gaston anapiga nyonga kila siku! Leo imekuwa nini?"

Gaston alikuwa nyuma ya pikipiki, mikono mifukoni. Watu wote wakamgeukia.

Iliasi akainua miguu iliyovunjika, juu, ili hata walio jikoni waione.

"Ni mimi. Nilichagua mti mubaya, ulikuwa na mududu ndani. Yaya Gaston alilenga sawasawa. Wakati anapiga, mguu ukavunjika chini ya bunduki, risasi ikapanda. Kosa ni la fimbo yangu."

Rehema aliichukua ile fimbo. Akaitazama pale ilipovunjika, kwa muda. Mwanamke aliyekulia na kaka anayechonga tangu utoto anajua mti wenye mdudu unafanana vipi. Mimi naamini aliona. Lakini alikuwa na harusi kesho na uchungu leo, na uchungu ukashinda.

"Basi kuanzia leo ukachonge za kufukuzia kuku," akasema, akaitupa kwenye moto wa vitunguu. Iliwaka vizuri. Mpera mkavu unawaka vizuri.

Mbawala alikwenda upande wa pili wa mtaa, kwa Wakristo, wakala wakamshukuru Mungu. Harusi ilikula samaki. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliinua mwiba mbele ya wageni wote, akasema kwa sauti ya kwaya, "Tumetoka Nyangwe kuja kula Nyangwe!" Kicheko kile kilimfikia Iliasi nje, alikokuwa anapasua kuni.

Baada ya hapo maneno yalitembea yenyewe. Wawindaji wa Kabambare waliokuwa wanamtuma mtu kuja kuchukua miguu ya Iliasi, wakaacha. Mmoja alirudisha ya zamani, mizima, haina kasoro, akaiegemeza kwenye ukuta wa Iliasi bila kubisha hodi. Kwa nyama bado walimwamini; neno lake lilibaki. Lakini mti wake walikuwa wanaukwepa kama ukuta wenye ufa. Mipera yake ikaota matawi yaliyonyooka, hakuna wa kuyakata. Gaston aliendelea kuagizwa. Akaenda na miguu ya chuma aliyochomewa kwa fundi wa madirisha, mizito, inayolia kila hatua, na mara nyingi alirudi mkono mtupu. Watu wakasema wanyama wamepungua.

Mimi nilijuaje? Pitchou. Alinibeba kwenda kivukoni siku moja, na kimya kilikuwa kinamwasha kama upele. Akanimwagia yote, hata kile kicheko cha mama wa mawese, akaniapisha nisiseme.

Nilivumilia. Naapa nilivumilia. Lakini asubuhi moja kwa Mama Louise, anayeuza chai pale madereva wanaposimama, kijana mmoja akasema miguu ya Iliasi haifai hata kuegemeza mlevi. Damu ikanipanda. Nikaweka glasi chini nikawaambia yote: Gaston aliiacha miguu imesimama, akapiga kwa mikono mitupu, na fimbo ilivunjwa barabarani kwa makusudi. Nilisimulia vizuri, nikachora hata vile viduara hewani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza kitu.

"Muzee."

Nikageuka. Iliasi alikuwa amesimama nyuma yangu na mzigo wa kuni kichwani. Na kwenye benchi la mwisho, karibu na ukuta, ambako sikuwa nimetazama, Gaston ameketi na chai yake.

"Mguu ulivunjika, Muzee," Iliasi akasema, taratibu, kama anayemrekebisha mtoto anayesoma. "Ulikuwa na mududu. Usidanganye watu."

Kelele zikalipuka. "Muzee ameshikwa!" "Kiboko wa misa amerudi!" Nikamtafuta Pitchou. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, anaangalia mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Pitchou, sema!"

"Mimi nijue nini, Papa? Mimi ni shofa tu."

Pale kwa Mama Louise, anayeshikwa na uongo analipia sukari ya wote. Wakaanza kupiga meza: sukari, sukari. Nilikuwa na maneno mengi bado mdomoni. Nikamtazama Gaston. Alikuwa ameinua glasi nusu ya njia, akairudisha chini. Hakunitazama. Alitazama barabara, kama mtu anayemngojea daktari.

"Haya," nikasema. "Mguu ulivunjika. Mimi nilikuwa natengeneza habari tu."

Mama Louise akacheka akanipokonya kofia iwe rehani. "Lete sukari, Muzee. Na si ile ya muchanga ya mara ile!"

Nikaleta. Nimelipa, na sasa hakuna wa kuniamini Kasongo nzima. Ndiyo maana naweza kuwaambia ninyi bila kumdhuru mtu. Pakiti ikapita mkono hadi mkono mpaka kwenye benchi la ukutani. Iliasi alikuwa ametua kuni, ameketi kando ya Gaston bila salamu. Gaston akachota, nusu ikamwagika mezani, akatia kijiko kwenye glasi, na kijiko kikaanza kugonga, haraka, haraka, bila kusimama. Vichwa viwili vitatu vikaanza kugeuka. Pitchou akapiga kiki pikipiki yake, ingawa hapakuwa na abiria, akaiacha ingurume pale pale.

Iliasi akaivuta ile glasi upande wake, akakoroga, akairudisha.